Gitaza na mwambao wa Rumonge: shamba linapogeuka kiwanja

Gitaza ni senta ndogo ya tarafa ya Muhuta, kando ya Ziwa Tanganyika, umbali usiofika kilomita 30 kusini mwa Bujumbura. Kwa muda mrefu jina lake lilisikika redioni hasa pale mvua ilipokata barabara. Siku hizi mwambao wote unaoanzia viunga vya Bujumbura hadi mji wa Rumonge unatajwa kwa sababu nyingine: watu wanautafutia viwanja. Palipokuwa na mihogo, migomba na michikichi panainuka kuta za matofali, maduka, baa na nyumba za wageni, na mkulima aliyezoea kupima ardhi yake kwa idadi ya miti anaulizwa ina mita ngapi kutoka barabarani.

Mabadiliko kama hayo yameikumba miji mingi ya Afrika Mashariki. Ruiru, karibu na Nairobi, ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa kabla ya kuwa mji wa watu mamia kwa maelfu. Lakini mwambao wa Gitaza una shida ambayo Ruiru haikuwa nayo: hauna mahali pa kupanukia. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni mlima, na katikati ipo barabara moja. Kila anayejenga hapo anajenga juu ya ardhi ambayo mtu mwingine alikuwa akiilima, akiidai, au akiikimbia.

Uzi mmoja kati ya mlima na maji

Tambarare inayofuata Ziwa Tanganyika nchini Burundi huitwa Imbo. Kaskazini, upande wa mto Rusizi, Imbo ni pana, na ndiyo maana Bujumbura ilipata nafasi ya kukua. Kusini mambo ni tofauti. Milima ya Mirwa, ambayo ni ukingo wa Bonde la Ufa, inasogea ziwani hatua kwa hatua, na ifikapo Gitaza inakaribia kuyagusa maji. Baada ya hapo nchi inafunguka tena kidogo kidogo, mashamba ya michikichi yanaongezeka, hadi mji wa Rumonge, ulio umbali upatao kilomita 75 kutoka Bujumbura.

Barabara inayounganisha sehemu hizo ni Barabara ya Taifa namba 3, ambayo kila mtu huiita RN3. Inatoka Bujumbura, inapita Gitaza na Rumonge, inaendelea hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania upande wa Mugina. Anayetaka kuikwepa Gitaza kwa gari hana njia ya pili kando ya ziwa. Sharti apande milimani kwa barabara ya Matana na Bururi, kisha ateremke Rumonge. Ni mzunguko mrefu, na mwenye tenga la samaki wabichi hauwezi.

Bujumbura yenyewe imekuwa ikitambaa kuelekea kusini kwa miaka mingi. Mfano ulio wazi ni Kanyosha. Jina hilo lilibebwa kwa wakati mmoja na zoni ya jiji na tarafa ya vijijini iliyopakana nayo, hata mgeni akiambiwa fulani anaishi Kanyosha alilazimika kuuliza ni Kanyosha ipi. Baada ya Kanyosha huja Ruziba, kisha Kabezi, na baada ya Kabezi msafiri hukaribia Gitaza. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa kwa sheria, lakini biashara, bandari na ajira nyingi zilibaki Bujumbura, na wanaofuata ajira hizo wanahitaji pa kulala.

Nchi yenyewe imejaa. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu 8,053,574; ile ya mwaka 2024 ilipata zaidi ya milioni 12, katika eneo la kilomita za mraba 27,834, ziwa likiwemo. Kwa wastani ni zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba. Mtu akiuza shamba katika hali hiyo, ni nadra kupata lingine.

Mawese kabla ya Wabelgiji

Kuna wanaodhani kuwa mchikichi uliletwa na wakoloni. Sivyo. Mafuta ya mawese yalikuwa yakijulikana katika soko la Ujiji katika karne ya 19, na mitumbwi ilibeba bidhaa, habari na watu kati ya pwani za ziwa hili kabla ya kuwapo mpaka wowote wa kimataifa. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji kwenda kaskazini, wakathibitisha kwamba Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Jiwe la kumbukumbu ya safari yao lipo Mugere, kando ya barabara hiihii ya kwenda Gitaza, nalo wapita njia wengi hulipita bila kusimama.

Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliotoka Ujiji walijenga makazi yao ufukweni, kwa kuwa ufalme wa Burundi haukuwaruhusu kupenya milimani. Hivyo Kiswahili na Uislamu vilijikita kandokando ya maji: Rumonge, Nyanza-Lac, na baadaye Buyenzi, mtaa ambao utawala wa Kibelgiji uliutenga mjini Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kwa ajili ya watu waliohesabiwa kuwa Waswahili. Jamii hiyo ilikuwa ya wavuvi, wachuuzi, mafundi na madereva zaidi kuliko ya wakulima. Jambo hilo linaeleza kwa nini familia nyingi za Waswahili wa mwambao zina nyumba mjini lakini hazina shamba lenye mipaka inayotambuliwa na majirani wa kilimani.

Wabelgiji, walioitawala nchi tangu mwaka 1916, walichokifanya katika kilimo ni kupanga. Katika miaka ya 1950 walianzisha makazi ya wakulima yenye mashamba yaliyopimwa, na michikichi ikapandwa kwa mistari. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali iliendeleza mradi huo, na Rumonge ikawa kitovu cha mawese ya Burundi. Ndiyo yanayopikia maharagwe na lengalenga, ndiyo yanayotengenezea sabuni.

Inafaa kueleza jinsi shamba la michikichi linavyolisha watu, maana hesabu hiyo husahaulika siku ya kuuza. Mti huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na huendelea kuvunwa kwa zaidi ya miaka 20. Kijana hukwea na kukata mikungu. Mwingine huibeba hadi kwenye kinu. Wanawake hupukuchua chikichi, huzichemsha katika mapipa, na baada ya kukamuliwa huyaengua mafuta na kuyatia katika madumu ya njano yanayopangwa kando ya RN3. Kokwa hupasuliwa zitoe mafuta ya mise, na makapi huwashia moto wa siku inayofuata. Mwenye shamba ni mmoja, lakini wanaokula humo ni wengi, na wengi wao hawana ardhi yao wenyewe. Shamba likikatwa viwanja, fedha hupewa mwenye hati. Mkwezi, mbebaji na mchemshaji hawaitwi mezani.

Deni la mwaka 1972

Hakuna anayeweza kuzungumzia ardhi ya Rumonge bila kutaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Ukandamizaji uliofuata uliikumba nchi nzima. Wahutu waliouawa, wakiwemo walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali na wakulima, wanakadiriwa na watafiti wengi kuwa zaidi ya 100,000. Wengine kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania na Kongo. Waliokwenda Tanzania walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima huko, wakazaa huko, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili.

Nyuma yao ardhi ya mwambao haikukaa wazi. Watu kutoka milimani waliingia; wengine walipewa mashamba na serikali katika mipango ya kilimo, wengine walinunua kwa nia njema. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilizidisha ugumu: ilimruhusu aliyeikalia ardhi kwa miaka 30, au 15 ikiwa aliipata kwa nia njema, kudai kuwa ni yake. Mkimbizi aliyekuwa Katumba alikuwa akipoteza haki yake mwaka baada ya mwaka bila kujua.

Makubaliano ya Amani ya Arusha ya mwaka 2000 yalilitambua tatizo hilo, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, CNTB. Tanzania ilipofungua mlango wa uraia kwa wakimbizi wa mwaka 1972, zaidi ya 160,000 waliuchukua. Wengine wapatao 53,000 waliamua kurudi Burundi, wengi wao katika miaka ya 2008 na 2009. Rumonge na Nyanza-Lac zikawa uwanja wa madai. Mwanzoni tume ilipendelea kugawana: aliyerudi achukue sehemu, aliyekuwapo abaki na sehemu. Tangu mwaka 2011 mwelekeo ulibadilika, ukawa wa kumrudishia mkimbizi ardhi yote. Waliopoteza kwa uamuzi huo nao walilalamika kwamba walinunua kihalali. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya kesi hizo.

Kwa wasiopata ardhi kabisa, serikali na wafadhili walijenga vijiji vya amani. Humo watu wa makabila na historia tofauti walipewa nyumba zilizopangwa kwa mistari, na watoto wengi walicheza kwa Kiswahili cha Tabora na Rukwa huku wazazi wakihangaika kukumbuka Kirundi cha ukoo.

Habari hiyo ya zamani inahusiana moja kwa moja na viwanja vya leo. Mnunuzi anayetoka Bujumbura akiwa na fedha mkononi huonyeshwa shamba tulivu lenye michikichi mirefu. Haonyeshwi aliyelipanda. Michikichi iliyozeeka ni ushahidi kwamba kulikuwa na mtu hapo zamani, na mtu huyo, au mwanawe, anaweza kuwa hai ng'ambo ya ziwa au katika kijiji cha amani kilicho mwendo wa saa moja tu. Kuuza mara mbili kipande kilekile ni janga linalojulikana nchini kote, lakini katika mwambao huu kuna janga jingine la kimyakimya: kuuza mara moja, kwa halali ya makaratasi, kitu ambacho kesi yake haijakwisha mioyoni mwa watu.

Mwaka ambao mlima ulishuka

Mwishoni mwa Machi 2015 mambo mawili yalitokea katika mwambao huu karibu kwa pamoja. Tarehe 26 mkoa mpya wa Rumonge uliundwa: tarafa za Rumonge, Burambi na Buyengero zilitolewa Bururi, na Muhuta na Bugarama zikatolewa Bujumbura Vijijini. Na siku hizohizo, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Gitaza. Nyumba zilifukiwa na kubomoka, familia zikahamishwa, na RN3 ikakatika. Mkoa ulizaliwa ukiwa umetengwa na jiji kuu la biashara.

Maporomoko ya aina hiyo hayana siri kubwa. Mteremko wa Mirwa ni mkali, na udongo wake umelegea kwa kuoza kwa miamba. Miti ilipokatwa, mihogo ikachukua nafasi yake, na mzizi wa muhogo hauishiki ardhi kama mzizi wa mti. Barabara nayo ilipochongwa chini ya mlima iliondoa sehemu ya mguu unaoushikilia. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, maji hujaa ndani ya udongo na uzito wake huuvuta chini. Anayejenga juu ya barabara, akachimba mlima ili apate sakafu ya tambarare, anaongeza kidonda palepale. Maji ya bati lake yasipopewa mtaro humshukia jirani wa chini.

Hilo ndilo jambo ambalo mji hulisahau unapohamia shambani. Mkulima mwenye matuta na makinga maji hakuwa akilinda mihogo yake peke yake. Alikuwa akilinda barabara bila kulipwa na mtu yeyote.

Ukarabati wa RN3 ukawa suala la kikanda. Mwezi Novemba 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi unaoziunganisha Burundi na Tanzania: kilomita 260 za Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania, na kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza upande wa Burundi, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Lengo lilikuwa kuifanya njia ya Kigoma iwe rahisi kwa bidhaa na wasafiri. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwambao huu ni mlango wake wa kusini.

Lakini barabara njema haipitishi malori peke yake. Inapunguza saa. Mtu anayeweza kufika kazini Bujumbura asubuhi akitoka Kabezi au Gitaza hana tena sababu ya kulipa kodi ya nyumba mjini. Magari madogo ya Probox, yanayosheheni abiria na mizigo kupita kiasi, pikipiki na mabasi madogo ndiyo yaliyokuwa yakiusogeza mji kusini, hata kabla lami mpya haijamwagwa. Uhaba wa mafuta ya gari, ambao umeisumbua nchi kwa miaka kadhaa sasa, umewakumbusha waliohama kwamba umbali hupimwa pia kwa lita: siku ambayo petroli haipatikani, Gitaza hurudi kuwa kijiji cha mbali.

Kinachouzwa na kinachobaki

Mauzo yenyewe huanza kwa jambo dogo. Mtoto amefaulu na ada inatakiwa, au mgonjwa amelazwa, au mvua imeharibu zao. Mwenye shamba huuza kipande kinachopakana na barabara, kwa kuwa ndicho chenye bei. Dalali, ambaye Bujumbura huitwa komisioneri, huleta mnunuzi na kuchukua chake pande zote mbili. Kipande cha pili huuzwa kwa harusi au kwa kununua pikipiki. Baada ya miaka kadhaa familia hujikuta nyuma ya ukuta wa mtu mwingine, katika sehemu yenye mteremko, mbali na barabara ambayo zamani ilipita mbele ya mlango wake.

Si haki kusema kwamba ujenzi hauleti chochote. Waashi, wachimba mchanga, wapasua kokoto, wapika matofali na wauza chakula hupata kazi. Zahanati na shule hufuata watu, na umeme hufuata wenye uwezo wa kuulipia. Wavuvi nao hupata wateja wa karibu wa ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, na wa mukeke, ambao ng'ambo hiyo huitwa migebuka. Ila kazi ya ujenzi hufuata nyumba: ikikamilika, fundi huhama. Mchanga nao una gharama yake, maana kuuchimba katika mito inayoshuka Mirwa hupanua kingo na kuyapa mafuriko njia mpya.

Wanaopoteza zaidi katika mauzo haya ni wanawake. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi ya ardhi, na desturi huwapa wana wa kiume. Binti aliyeachika au mjane aliyerudi kwao huruhusiwa kulima kipande cha baba yake, na kwa kipande hicho hulisha wanawe. Ni ruhusa ya kutumia, haiandikwi popote. Shamba likigeuzwa fedha ruhusa hiyo hufa siku hiyohiyo, kwa kuwa fedha hugawanywa kati ya kaka na hakuna desturi inayosema dada atalima wapi. Katika mwambao wa Rumonge, ambako mwanamke ndiye mchemsha mawese na muuza mihogo, pigo ni maradufu: hupoteza pa kulima na hupoteza malighafi.

Wageni wa ng'ambo ni sehemu nyingine ya habari hii. Mkabala wa Rumonge, upande wa Kongo, zipo Fizi na Baraka, na mitumbwi ya biashara huenda na kurudi. Vita vikizuka huko, mitumbwi hiyohiyo hubeba watu. Mwezi Januari 2018 maelfu ya Wakongo walivuka na kushuka Rumonge na Nyanza-Lac. Wengi huhamishiwa kambini mbali na ziwa, lakini wapo wanaopokelewa na ndugu na wafanyabiashara wenzao mjini. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni.

Ziwa nalo linadai chake

Waliokwepa mlima na kujenga ufukweni walikutana na maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga karibu na Kalemie, na kiwango chake hupanda na kushuka kwa miongo. Katika miaka ya 1870 lilipanda sana kabla ya kuifungua njia ya Lukuga. Lilipanda tena katika miaka ya mwanzo ya 1960. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, lilifikia viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu wakati huo. Maji yaliingia katika mitaa ya Gatumba na Kibenga, na mjini Rumonge nyumba zilizo karibu na ufuko zikabaki katikati ya maji. Waliokuwa wamezinunua kwa bei kubwa kwa sababu ya mandhari ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka.

Sheria ya Maji ya tarehe 26 Machi 2012 inaweka ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika, ambao ni wa umma na haupaswi kujengwa. Katika tambarare pana ya Rusizi, mita 150 ni sehemu ndogo. Kusini, pale mlima unapokaribia maji, kipimo hicho huweza kuimeza ardhi yote tambarare, barabara ikiwemo. Mtu anayeiheshimu sheria kikamilifu mahali kama hapo hubakiwa na mteremko peke yake, na mteremko ndio ulioshuka mwaka 2015. Kati ya vitisho hivyo viwili, maskini huwa hachagui, hukaa palipobaki.

Hapo ndipo penye udhaifu wa kuiita Gitaza kiunga cha mji kama viunga vingine. Kiunga hupanuliwa kwa ramani: barabara za ndani, mitaro, akiba ya shule na makaburi. Mwambao huu unapanuka kwa ncha, nyumba moja baada ya nyingine kwenye uzi mmoja wa lami, na kila mlango unatazama barabara ileile.

Mkoa unaobadilika, mpaka usiohama

Sheria ya tarehe 16 Machi 2023 iliibadili tena ramani. Mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa hadi 5, na tarafa 119 zikawa 42. Mpango huo ulianza kutumika kwa uchaguzi wa mwaka 2025. Mkoa wa Rumonge ulifutwa baada ya miaka 10. Mji wa Rumonge umewekwa katika mkoa wa Burunga, ambao makao yake makuu ni Makamba, wakati tarafa ya Muhuta, na Gitaza ndani yake, imewekwa katika mkoa wa Bujumbura. Kwa hiyo mkazi wa Gitaza amebadilishiwa mkoa mara mbili katika mwongo mmoja bila kuhama kitanda. Kwa mara nyingine, kilometa 45 zile za barabara zina mikoa miwili, na karatasi za utawala zinakubali kile ambacho wenye magari walikwisha kukijua: Gitaza inatazama Bujumbura, Rumonge inatazama kusini.

Kwa mwenye ardhi jambo hilo si la kinadharia. Hati iliyoandikwa Muhuta mwaka 2014 ina jina la Bujumbura Vijijini. Ya mwaka 2016 ina jina la Rumonge. Ya leo ina jina la Bujumbura. Mtu akienda kudai, huulizwa jalada lipo ofisi gani.

Sheria ya ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1986, iliruhusu tarafa kuwa na ofisi ya ardhi inayotoa cheti kwa mwenye shamba asiye na hati ya serikali kuu. Utaratibu wake unafaa kujulikana na kila anayeuza au kununua katika mwambao huu. Mwombaji hupeleka ombi tarafani. Ombi hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kisha kamati ya utambuzi ya kilima hufika shambani, na mipaka hutembelewa kwa miguu mbele ya majirani, kutoka mti hadi mti, kutoka jiwe hadi jiwe. Mara nyingi mpaka wenyewe ni ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ambayo hupandwa na familia zote mbili na kung'olewa na mnunuzi anapoanza kuchimba msingi. Majirani wakikubaliana, huandikwa maelezo ya mipaka na kutiwa saini. Wasipokubaliana, pingamizi huandikwa pia, na cheti husubiri.

Sheria haimlazimishi mnunuzi kumuuliza jirani aliyekuwa akilima hapo mwaka 1971 alikuwa nani. Majirani wazee wa Rumonge, wakiulizwa kwa heshima na kupewa muda wa kujibu, kwa kawaida wanakumbuka.